Nilivyokivua Nguo Kikaango cha Mama Mkwe

Binti yetu alipozaliwa nilipata wazimu, na wazimu wangu ulikuwa wa kuosha. Sikusikia njaa wala usingizi, nilitaka tu kitu cha kusugua. Niliosha nepi, nikaosha mapazia, nikaosha kandambili za mke wangu mpaka akaniuliza kama nina homa. Baba mpya hana tofauti na mlevi: anacheka peke yake barabarani, anasalimia hata mbuzi. Majirani zetu wa mtaa wa Bel-Air walinivumilia.

Mama mkwe alikuwa ametoka mtaani kwake, Makomeno, kuja kumtunza binti yake aliyejifungua, na alikuja na kikaango chake. Nikisema kikaango, msifikirie vile vyepesi vya sokoni vinavyopinda baada ya kuuona moto mara tatu. Hiki kilikuwa cha chuma kizito, fonte tunavyosema, mkono na tumbo kitu kimoja, cheusi tii. Mama wa mama mkwe alikinunua ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa kabla mke wangu hajazaliwa. Yai lilikuwa likiteleza humo bila kubembelezwa.

Kikaango hicho kilikuwa na historia yake. Mama mkwe ana mabinti wanne, na mke wangu ndiye kitinda mimba. Kila binti alipozaa, mama alikwenda kwake na kikaango, akapika mwezi mzima, na siku ya kuondoka akatoa hukumu. Nyumba ikimridhisha, anakiacha. Isipomridhisha, anarudi nacho. Kwa dada watatu wa mke wangu kilikuwa kimeingia na kutoka, na mmoja wa waume zao mpaka leo hapendi kuulizwa. Nilibaki mimi. Nami nilikitaka kikaango kile kuliko nilivyowahi kutaka pikipiki.

Shida ni kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasemeshani hovyo. Hatutazamani usoni. Akiwa jikoni mimi niko uani, na nikitaka kupita lazima nikohoe kwanza. Akiwa na neno anamwambia binti yake, naye ananifikishia. Lakini mke wangu siku zile alikuwa analala kila anapopata nafasi, kwa hiyo tulibaki na mjumbe mmoja tu, mwenye umri wa wiki tatu.

Jumapili mama mkwe akaenda kanisani. Mke wangu na mtoto wamelala. Nikaingia jikoni, nikakiona kikaango juu ya mbabula, jiko letu la makaa, pale makala yalipokuwa yamezimika, na weusi wake wote. Wazazi wangu walitoka Kasai, na kwa mama yangu sufuria yenye doa jeusi ilikuwa aibu sawa na kwenda misani na gauni lililochanika. Sufuria zake zilianikwa kwenye kichanja uani zikimulika mpaka kwa jirani, ili jirani naye ajue. Nikajiambia, leo mama mkwe ataona amepata mkwe wa namna gani.

Nilichukua majivu, mchanga, sabuni ya kipande na waya wa kusugulia. Nilisugua saa nzima na zaidi huku naimba. Weusi uligoma, kisha ukaanza kutoka vipande vipande, na kila kipande kilichotoka kilinipandisha furaha. Mwishowe chuma kikabaki cha kijivu, safi, kinang'aa. Nikakianika juani bila kukifuta maji, mahali ambapo mtu anayeingia getini hawezi kukikosa.

Mama mkwe aliporudi hakukikosa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nikasikia hatua zake zinasimama. Kisha akaingia ndani, akamnyanyua mtoto, akaja naye dirishani.

"Mutoto, uliza baba yako, kikaango yangu aliifanya nini?"

Nikakohoa, nikamwomba mtoto amwambie nkambo, yaani bibi yake, kwamba nimemsafishia.

"Alisafisha," mama mkwe akamwambia mtoto, polepole. "Ile nyeusi aliona ni buchafu. Ile ni mafuta ya miaka mingi, ya mama yangu na ya miye. Sasa kikaango iko buchi."

Mke wangu, aliyekuwa ameamka, alicheka mpaka akashika tumbo na kulalamika kwamba mishono inamuuma. Mimi sikucheka. Nilipokwenda kukiangalia, kilikuwa kimeshaanza kuota kutu, nyekundu kama udongo wa barabara yetu. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kuondoka. Nilikuwa na siku sita za kumrudishia chuma chake nguo, la sivyo kingerudi Makomeno, na mimi ningeingia kwenye orodha ya wale wasiopenda kuulizwa.

Jioni ile ile niliondoa kutu, nikawasha mbabula, nikamimina mafuta kwa moyo mweupe. Mafuta hayakukataa. Yaliganda, yakawa gundi ya kahawia, na kapenta wa mke wangu, dagaa wale wakavu, wakashika humo wakagoma kutoka. Haraka haraka haina baraka, nilijua, lakini mtu mwenye furaha hana breki. Nilibandua gundi yote kwa mchanga, nikaanza tena, nikakosea tena.

Jumatatu asubuhi mama mkwe alikuwa akimwogesha mtoto karibu na dirisha. Mimi nilikuwa uani, nimeuelekeza uso ukutani kwa heshima, na chupa ya mafuta mkononi.

"Mutoto," akasema, "weye tunakupakaa mafuta namna gani? Kidogo tu mu mukono. Tunapakaa fasi yote. Kiisha tunapanguza sawa vile hatukutia kitu."

Nikaiweka chupa chini.

Tangu hapo nilikifanyia kikaango kile alichofanyiwa binti yangu. Nilikikausha motoni mpaka kisibaki na unyevu. Nikapaka matone machache kwa kitambaa, ndani, nje, hata mkononi mwake, kisha nikafuta kana kwamba najuta kupaka. Nikakifunika kichwa chini juu ya makala, nikangoja moshi ufuke mpaka uishe wenyewe. Kikipoa, naanza upya. Mara tatu asubuhi, mara tatu jioni. Kazini wakaniuliza kama nimeanza kuchoma makala. Jumanne kikawa rangi ya chai, Jumatano rangi ya kahawa, na Alhamisi nilimwita mke wangu aje aone weusi, akaja na mtoto mgongoni, tukasimama watatu tukikitazama kama wageni waliokuja kuona mtoto wa pili.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama yangu alinifunza vizuri mno, ndiyo sababu ikabidi mama mkwe anifunze upya.

Ijumaa nilikaanga yai. Liliteleza, likashika kidogo pembeni, likaachia. Mke wangu akampelekea mama yake kwenye sahani, na sahani ikarudi tupu. Nilimuuliza mke wangu uso wa mama ulikuwaje. Akasema ulikuwa uso wa mtu anayekula yai.

Usiku huo nililala vibaya, nakiri.

Jumamosi teksi ilisimama getini. Nilipeleka mizigo yake nikasogea kando, macho chini. Mama mkwe alimbeba mtoto mara ya mwisho, akamnong'oneza mambo yao mawili, kisha akapaza sauti kidogo ili inifikie mahali nilipokuwa.

"Mutoto, ambia baba yako asitie tomati mule. Inakulaka ile nyeusi."

Akamrudisha kwa mama yake, akapanda, mlango ukafungwa.

Nilichelewa kuelewa. Kikaango kilikuwa bado jikoni, na hakuna mtu anayeacha masharti ya chombo anachoondoka nacho. Teksi ilikuwa imeshakata kona nilipomchukua binti yangu nikamjibu kwamba nimesikia.