Ngozi Mbichi ya Adungu

Nilikubali kupanda lori la mjomba Jumamosi ile, na hadi leo natamani ningekataa. Asubuhi hii mjukuu wangu anawamba ngozi ya ng'ombe kwenye adungu, kinubi cha kwaya, na harufu yake mbichi imenirudisha kanisani kwetu Ayivu. Baba alikuwa amenichongea adungu ndogo ya nyuzi saba, niipige Misani Jumapili. Jumamosi ile tulikuwa sakafuni mwa kanisa tukikaza nyuzi, mjomba akasimama mlangoni.

"Kijana, twende Oraba, kule mpakani. Huku iko nyimbo tu, kule iko soda."

Baba hakuinua uso. "Kesho nani atapiga?"

"Si wewe iko na mikono mbili?"

Nikacheka, nikapanda. Tulirudi Jumatatu. Baba alikuwa ameshampa mtoto mwingine adungu yangu, nami nikaona haya kuiomba tena, mwaka baada ya mwaka.

Sasa mjukuu ananikabidhi uzi mnene. "Vuta polepole, babu. Jumapili ijayo utakaa na mimi mbele, upige."

Navuta, nao unaanza kulia vizuri. Nitapiga. Lakini baba alikufa bila kunisikia nikipiga hata wimbo mmoja Misani.