Pini ya Arobaini

Mama yangu aliacha uuguzi, lakini uuguzi haukumwacha. Alipoanza kushona mablanketi ya viraka sebuleni kwake, alihesabu pini kabla na baada ya kazi, kama vifaa vya chumba cha upasuaji.

Siku alipomaliza blanketi la mjukuu wake wa kwanza, pini arobaini zilikuwa thelathini na tisa. Nami nilikuwa njiani kutoka hospitali na kichanga changu.

Alilipapasa, akaliegemezea shavu, akavua viatu akalikanyaga. Hakuna kitu. Roho bado mkononi, akachukua wembe.

Nilimkuta sakafuni, kazi ya miezi minne ameifumua yote, pamba imetapakaa hadi mlangoni.

“Usimlaze popote!” alifoka, hata salamu hakuna. “Pini moja haionekani!”

Hasira zikanipanda. “Mama jamani, achana na pini. Mpokee mjukuu wako.”

Akanyoosha mikono, machozi yanamlengalenga. Nilipoinama nimpe mtoto, nikaiona ikimetameta kwenye ukosi wa gauni lake, pale pale kichwa cha mwanangu kilipokuwa kinakwenda kulala.