Masizi ya Mama Komora

Jamani, leo nimefundishwa ufundi na muuza mikeka!

Tangu nirudi kutoka vita vya Burma, natengeneza malori hapa Garsen.

Asubuhi lori la abiria limepasuka bomba la moshi. Ndani yumo mtoto anachemka homa, anapelekwa hospitali Malindi.

Bomba nililokuwa nalo ni la gari jingine. Nikalifunga kwenye silinda hedi, kichwa cha injini. Boliti zinaingia, lakini moshi unavuja, na sioni ni wapi halijakaa sawa.

Nyanyake mtoto, Mama Komora, muuza mikeka wa kijiji cha Kau, akashuka na sufuria yake.

"Baba, paka masizi ya sufuria hii hapo kwenye injini. Bandika bomba, kisha libandue."

Nilitaka kucheka. Nikapaka.

Lahaula! Bomba limeshika masizi mahali patatu tu.

"Hapo ndipo palipoinuka. Piga tupa mpaka pawe sawa," akasema. "Mume wangu huunganisha hivyo mbao za mashua, maji yasipite."

Nikapiga tupa, nikapaka tena, mpaka masizi yakaenea kote. Injini ikaguruma, moshi hauvuji hata chembe!

Wamevuka mto kwenda Malindi kabla ya adhuhuri. Mimi bado nimeduwaa.

Mafundi wenzangu, mlilijua hili? Semeni kweli, nisione haya peke yangu.