Nilivyokuwa Inchaji wa Fensi ya Ndovu

Sipendi kusimulia kisa hiki mbele ya watu wanaotoka Taita, maana huenda mmoja wao aliniona jioni ile nikiingia kanisani kifua wazi na chupi ya kijani, nimekumbatia simu za watu kama mtu aliyetoka kuvunja duka, lakini ninyi ni marafiki zangu na mmeniuliza kwa nini siku hizi nikiachiwa hata sufuria ya maziwa niichunge ninatokwa na jasho, basi ngoja niwaeleze.

Nilifika Voi kwa njia ndefu ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuifuata. Nilitoka kwetu Bungoma baada ya kumzika baba, nikapakia miwa kwa muda, nikahamia Naivasha kwenye mashamba ya maua, nikachoka na maua, nikateremka Loitokitok kuvuna vitunguu, na vitunguu vilipoisha nikavuka hadi Taveta, nikakaa msimu mmoja kule Mata nikikata mikungu ya ndizi. (Mimi nikikaa mahali naanza kukumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka nakumbuka huku, mke wangu alivumilia hayo kwa muda, kisha akaacha kuvumilia.) Siku moja lori la ndizi lilikuwa linaelekea Voi, nikapanda juu ya mzigo, na katikati ya mbuga dereva akasimamisha gari na kuzima injini. Ndovu walikuwa wanavuka barabara, wekundu kama udongo wenyewe, hawana haraka ya kwenda popote, na mmoja akageuka, akatanua masikio, akatutazama.

"We wa huko juu," dereva alininong'oneza kupitia dirishani, "usikohoe. Huyu akichaji, hizi ndizi zitaliwa matangani kwako."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia neno hilo likitumiwa kwa mnyama anayemjia mtu mbio kwa hasira. Chaji niliyoijua mimi ilikuwa ya simu, na ile ya fundi kukuchaji pesa nyingi kwa sababu umevaa viatu vizuri. Nakumbuka kidato cha pili mwalimu wa Kiingereza alituambia kwamba neno hilo moja lina maana nyingi kuliko vidole vyetu, sisi tukaandika mbili tatu tukatoka kwenda kucheza mpira. Zile nyingine nilikuja kuzikuta Taita, na karibu zote siku moja.

Nilipanga chumba mtaa wa Kaloleni, pale pale Voi, nikawa nabeba mizigo mjini, mpaka niliposikia kwamba kijiji kimoja upande wa chini wa Mbololo, pale mashamba yanapopakana na mbuga, kilikuwa kinatafuta mtu wa kuangalia fensi ya stima. Mwangalizi wao, Mwadime, alikuwa anaenda kupasuliwa jicho na alitaka wa kumshikia kazi hadi apone. Fensi yenyewe ilikuwa nyaya ndefu zilizopewa moto wa stima na mashine ndogo, mashine inapewa nguvu na betri, na betri inapewa nguvu na sola iliyowekwa juu ya kibanda cha mabati. Mwadime alinikabidhi ufunguo akasema, "Wewe sasa ndiye inchaji, fensi yote iko mikononi mwako."

Nililipenda neno hilo kupita kiasi. Nilimpigia ndugu yangu Bungoma siku hiyo hiyo.

"Mimi huku ni inchaji."

"Inchaji wa nini?"

"Inchaji tu," nikamwambia, nikakata simu kabla hajauliza zaidi.

Mwadime aliniachia masharti mawili. La kwanza, nikiona ndovu nipige debe lililoning'inizwa nje ya mlango, ili kila mtu aingie ndani. La pili alilisema akiwa amenishika bega. "Betri ni ya fensi. Usimchajie mtu simu, hata pasta. Hawa ni watu wangu, nawajua. Hapa kwetu huwezi kumfanyia jirani mmoja jambo ukamnyima mwingine, huko ni kumtukana. Ukikubali simu moja, umekubali zote."

Nilipewa chumba nyuma ya nyumba ya Mama Wakesho, mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye maneno machache. Mumewe aliuawa na ndovu katika mahindi yake mwenyewe, kabla ya fensi kujengwa. Baada ya hapo, kila msimu wa mahindi, mama yule alikuwa akikesha kwenye kigoda mlangoni, moto umewashwa mbele yake. Fensi ilipowashwa ndipo alipoanza kulala tena, na ndiyo sababu kila asubuhi aliniletea uji, akaniambia, "Jana nililala, mwanangu," kama vile usingizi ule nilimtengenezea mimi.

Basi ikaja wiki ya Krismasi. Stima ya kijiji ilikuwa imepotea, transfoma imeungua, na mawingu ya mvua yalikuwa yameziba anga siku kadhaa. Watoto wa watu walikuwa wanarudi nyumbani kutoka Mombasa na Nairobi, na wazazi wana simu zilizokufa. Mama Wakesho alikuja kibandani asubuhi ameificha simu yake ndani ya leso.

"Wakesho anasafiri leo kutoka Mombasa," akasema. "Nataka tu kujua amefika wapi. Nichajie kidogo."

Ningemwambia nini? Uji wake ulikuwa bado tumboni mwangu. Nikaunganisha waya. Mama akaondoka, na njiani akakutana na jirani, na jirani akauliza ametoka wapi, na mama yule hajui kudanganya. Nusu saa baadaye walikuwa mlangoni.

"Kumbe simu ya Mama Wakesho ina damu na zetu zina maji?"

"Tuchaji pesa basi, kama ndiyo shida!"

"Hapana, yeye ni mtu wa bara, anatubagua tu."

Nikazipokea zote. (Mnanicheka, lakini jaribuni ninyi kumnyima mama wa watu wakati wa Krismasi.) Alasiri akaja Mwakio, kiongozi wa kwaya, na spika kubwa ya kanisa begani, akasema wana mazoezi ya mwisho jioni, na kwamba Mungu ataniona. Nayo nikaiunganisha. Mshale wa kuonyesha nguvu ya betri ulikuwa unashuka, niliuona, nikajiambia mawingu yatafunguka.

Mashine ya fensi hulia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Ukiizoea huisikii tena, na ndiyo maana sijui ilinyamaza saa ngapi. Nilikuwa nimekaa ndani nasikiliza wimbo kwenye spika, jua linazama, nikasikia kijiti kikivunjika nje. Nikajua ni Mwakio amefuata spika yake.

"Ngoja kidogo," nikapaza sauti, "haijajaa!"

Kijiti kingine kikavunjika. Nikatoa kichwa mlangoni. Ndovu alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya waya, ule waya wa stima, akaukanyaga hadi chini kama mtu anayevuka kamba ya nguo, akaingia shambani, na nyuma yake alikuwepo mwingine, na mwingine, na katoto kalikojificha chini ya mama yake.

Nilizima spika. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi, nikafunga mlango nikakaa chini. Debe lilikuwa nje, naweza kulifikia kwa kunyoosha mkono, na mkono ukakataa. Niliuambia, ukakataa. Jasho lilikuwa linanidondoka kidevuni.

Ndipo simu zilipoanza kulia.

Watu wa kijiji jirani walikuwa wamewaona ndovu wakipita na walikuwa wanapiga kuwaonya wenzao, na simu za wenzao zote nilikuwa nazo mimi, zimejaa chaji. Moja ikaimba haleluya. Nyingine ikawika kama jogoo. Nikavua shati, nikazifunga zote ndani yake, nikalikumbatia lile furushi tumboni lipunguze kelele, na kupitia kitundu cha mabati nikasikia pumzi, ndefu, ya moto, yenye harufu ya majani yaliyotafunwa. Ndovu alikuwa amekuja kusikiliza.

Simu ya Mama Wakesho ilikuwa juu kabisa. Kwenye kioo pameandikwa Wakesho. Nikapokea nisije nikauawa na wimbo wake.

"Mama?"

"Si mama," nikanong'ona. "Ni Barasa, mpangaji. Niko kwa fensi."

"Mbona unanong'ona? Mpe mama simu. Basi limeharibika Maungu, asije kunipokea barabarani, nitachelewa."

Nilikuwa nimemwona mama akipita muda mfupi uliopita, ameenda kumpokea, na kijia cha kwenda barabarani kinapita katikati ya mahindi.

"Barasa! Mama yuko wapi?"

"Ameshatoka," nikasema. "Na ndovu wameingia."

Wakesho akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau, ndogo kabisa, kama ya mtoto, "Piga debe. Tafadhali, kaka. Baba hakupigiwa."

Sijui kama huo ulikuwa ujasiri au nilichoka tu kuogopa. Nilifungua mlango, nikanyakua chuma cha kupigia kilichoning'inia kando yake, nikalipiga debe, nikalipiga tena na tena nikipiga kelele maneno ya Kibukusu ambayo sikuwa nimeyatumia tangu utotoni. Ndovu aliruka nyuma kwa mshtuko. Halafu akatanua masikio, akakunja mkonga, akaja. Hapo nikalikumbuka lile neno la dereva, na niwaambie, mwalimu wangu hakulieleza vizuri, maana ardhi yote ilikuwa inakuja pamoja naye.

Nilirudi ndani, akagonga kibanda, ukuta wa nyuma ukafunguka kama kopo la samaki, nikapita hapo hapo. Suruali ikanaswa na mabati. Sikurudi kuichukua. Nilikimbia na furushi langu la simu zinazolia, gizagiza linaingia, nyuma yangu vitu vinavunjika, mbele yangu mahali pekee penye taa, taa za karabai, palikuwa kanisani.

Kwaya ilikuwa imesimama safu mbili, midomo wazi kwenye noti ya juu. Nikaingia katikati yao.

Wakaacha wimbo. Kisha mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata, na Mwakio akasema, "Barasa, umelewa mapema, Krismasi bado!" Mama mmoja akanyoosha kidole kwenye furushi, "Hiyo inayolia ni yangu! Ameziiba!" Nikajaribu kusema ndovu, pumzi haikutosha, nikasema ndo, ndo, wakazidi kucheka. Halafu ndovu mwenyewe akalia kule shambani, sauti ile inayopita kwenye mifupa, na kicheko kikakatika. Wakafunga milango. Wakaanza kuhesabiana.

"Mama Wakesho yuko wapi?"

Hakuna aliyejali chupi yangu tena. Walinitazama usoni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwakio akachukua simu moja kwenye furushi akawapigia askari wa wanyama. Tukangoja. Sijui mmewahi kungoja namna hiyo, watu wamekaa kwenye mabenchi hawaombi kwa sauti, kila mahindi yakivunjika nje mtu anafumba macho. Mama mmoja alinifunika leso yake mabegani bila kuniangalia.

Askari walikuja na gari na fataki, wakawasukuma ndovu kurudi mbugani. Mama Wakesho walimtoa ndani ya kalavati chini ya barabara, amekaa kwenye maji hadi kiunoni, mzima. Alipolisikia debe aliingia humo akatulia. Aliponiona alisema tu, "Lilichelewa, lakini nililisikia."

Kesho yake kikao kilifanyika darasani. Mahindi ya mashamba manne yalikuwa yamelala, ya Mama Wakesho yakiwemo. Kulikuwa na polisi mmoja kijana, akakuna kichwa, akasema, "Sasa huyu nitamchaji kwa kosa gani mahakamani? Kuchaji simu si kosa." Watu walicheka kidogo, mimi nikacheka nao, kisha nikaona Mama Wakesho hacheki, nikaacha.

Kibanda kilijengwa upya, betri ikaletwa nyingine, waya ukapata moto, tik, tik, kama zamani. Lakini tangu siku hiyo kila jioni Mama Wakesho alikuja kibandani akauliza, "Ina moto?" nami namjibu, "Ina moto, mama," akasimama hapo kwa muda, akaenda. Uji aliendelea kuniletea. Kuhusu kulala hakusema tena, na kupitia ukutani usiku nilikuwa nasikia kigoda kikisogezwa mlangoni.

Mwadime aliporudi, jicho limefungwa bandeji, nilimpa ufunguo kabla hajauomba. Nilijiwekea nadhiri, na bado naishika: sitakubali tena kuwa inchaji wa kitu ambacho mtu mwingine analala kwa sababu yake. Nipeni mzigo nibebe, nipeni ndizi nikate, lakini huo uinchaji hapana.

Niliondoka asubuhi nikiwa na begi langu moja. Mama Wakesho alikuwa kwenye fensi, ameinama, ameshika jani bichi la nyasi, analigusisha kwenye waya polepole. Mkono wake ukaruka. "Ina moto," akajiambia. Nikamuaga, akaniombea safari njema, kisha akachuma jani lingine, akasogea hadi nguzo ya pili, akainama tena. Na fensi ile ni ndefu.