Nilikwenda Suneka Kuona Barabara ya Wachina

Ni mwaka ule unga ulitushinda hapa Kebirigo, tukala ndizi za kuchemsha na mboga za chinsaga asubuhi na jioni. Mwakilishi wetu wa wadi, shati limenyooka, alikuja kwangu na karatasi na wino, niweke kidole kukubali. Alisema Wachina ni marafiki wa serikali, wanatuletea barabara, na itapita kwangu. Vigingi vyekundu vilikuwa vimeshapigwa, kimoja karibu na kaburi la mume wangu, kulia mwa nyumba. Kushoto ni mahali pangu, siku yangu ikifika. Niliacha shule darasa la pili, lakini kulia na kushoto nazijua.

Nikamwambia, "Kidole ni changu, na aliyelala pale ni wangu. Siweki."

Akacheka, akaniita nyanya kwa Kikisii. "Magokoro, bibi kama wewe unazuia taifa zima kwa kidole? Muulize dada yako wa Suneka. Kule watu wanafurahi."

Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki ya jirani. Saa nne tulikuwa Suneka. Barabara ni nzuri, sidanganyi. Nyeusi, laini, ungeanika wimbi juu yake.

Dada yangu Moraa alinipa uji bila kuniangalia usoni. Kulia mwa nyumba yake, lilipokuwa kaburi la mumewe, palikuwa na mtaro mtupu.

"Shemeji yuko wapi?"

Akaonyesha nyuma ya choo. "Walimhamisha."

"Nani alikubali?"

"Mimi. Walituita mkutano, tukanywa chai na mkate. Wakasema tuweke kidole, ni orodha ya waliofika. Nilidhani ni ya mkate."

"Na wewe utalala wapi?"

"Kunywa uji, dada."

Saa nane nilimkuta Mchina msimamizi kando ya mtaro, anatafuna mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana.

"Mbona mlimfukua shemeji yangu?"

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Mama, mimi natengeneza barabara. Wakubwa wenu walileta vidole, wakasema wenyewe wamekubali. Hata kwetu kaburi ni kitu kikubwa."

Akanimegea hindi. Nililila, lakini simwamini bado. Mtu hawezi kuchimba pale asione msalaba. Ila yeye hakumpikia Moraa chai ile. Nilitoka nyumbani nikimchunga mgeni, na mwizi wa vidole ni huyu tunayempigia kura, anayeniita magokoro.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, nilimkuta mwakilishi nyumbani, amekaa kwenye kiti changu. Mezani kulikuwa na mkate na daftari.

"Pole na safari, magokoro. Leo sikuleta ile karatasi. Hii ni orodha tu ya wazee niliowatembelea. Weka kidole hapa, kisha tunywe chai."

Nikamrudishia mkate wake mkononi. Nikasimama mlangoni, kaburi la mume wangu kulia kwangu.

"Kidole ni changu, na aliyelala pale ni wangu. Siweki."