Mkungu wa Kwanza wa Mchikichi

Mke wangu alipoolewa Nyaishozi akitokea Kigoma, alikuja na mche wa mchikichi ndani ya ndoo. Ndugu zangu walicheka sana. Huku kwetu mti usiotoa ndizi wala kahawa ni kivuli tu. Aliupanda nyuma ya jiko, akaulea miaka yote, na mwaka juzi mkungu wa kwanza ukaiva, mmoja tu, wiki ileile baba yake alipokuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Alitaka mzee ale maharage ya mawese yaliyotoka kwenye mti huo, aone kwamba binti yake sasa ana kwake.

"Msiuguse," alituambia akienda Omurushaka kumpokea.

Tukaugusa.

Kaka yangu alikuja na panga, ati mke wangu akirudi aukute umeshakatwa. Yeye hajawahi kukosea, muulize mwenyewe.

"Unakata shina nusu, linainama lenyewe, mkungu unaupokea begani. Mwakani mtoto wake anazaa."

"Huu si mgomba. Hauna mtoto."

"Utatoa tu!"

Akapiga. Panga likanasa kwenye shina, tukalivuta wawili, likagoma.

Kwa hasira nikasema nitapanda, kwa kuwa nilisikia Kigoma hupanda kwa kamba. Kamba yangu niliisokota kwa maganda makavu ya mgomba. Ilinifikisha juu, ikakatika. Nikabaki nimekumbatia makuti, miba ikinichoma kila mahali, nisiweze kushuka.

Ndipo mke wangu akatokea na baba yake. Mimi, mkwe, niko juu ya kichwa cha baba mkwe! Nilitamani mti unimeze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko juu hamjambo?"

Mke wangu aliliangalia panga lililonasa, kisha akaniangalia mimi, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mzee aliomba ngazi, akanishusha, akalichomoa panga kwa mkono mmoja. Alipanda, akakata kuti la chini ya mkungu, kisha kikonyo chake, nao ukaanguka chini puu. Akapapasa jeraha la shina. "Utapona," alisema, nikashusha pumzi.

Mke wangu alizichemsha chikichi, akazitwanga na kukamua mafuta, na jioni tulikula maharage, mekundu kwa mawese hayo. Mzee alisafisha sahani yake, akamgeukia binti yake.

"Mama yako alinituma nione kama wanakutunza. Nitamwambia wewe ndiye unayewalea."

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Kaka yangu na mimi tuliinamia sahani zetu, tukaendelea kula.