Resori ya Kisu cha Amisi

Iko siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Kila ninapomsikia msichana akiagwa kwenda kwa wakwe, inanirudia yote, hata harufu ya tope. Nilikuwa bibi-arusi bado, hina haijaisha miguuni. Nilitoka Kasongo nikaolewa Kabambare kwa Amisi, kijana aliyebeba watu na mizigo kwa pikipiki. Mimi ni mwoga tangu tumboni mwa mama yangu, sikatai. Mawingu yakikusanyika tu, naita watoto ndani, hata wa jirani, mpaka wananicheka. Lakini siku ile woga wangu ulikuwa na sababu, nami nikaufungia mdomoni.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtoto wa mhunzi. Baba yangu alitengeneza visu vidogo vya kukunja, vile vya kulala mfukoni, akaviuza sokoni Kasongo. Bapa alilitoa kwenye tupa iliyochoka, na misumari yake aliikata kwenye spoki za baiskeli. Wanunuzi walitazama bapa linavyong'aa. Baba alitazama mgongo. Humo mgongoni mwa mpini kuna kipande chembamba cha chuma, sisi tunakiita resori, na kazi yake ni kulikandamiza bapa lisijifunge ovyo. Kisu cha namna hii hakina kufuli, mwanangu. Kinachosimama kati ya makali na vidole vyako ni hiyo resori peke yake.

Baba alikuwa akikifungua kisu karibu na sikio langu. Kikilia "ta!" alitabasamu, akakiweka kwenye kitambaa cha kuuzia. Kikifunguka kimya, alikifumua chote akaanza upya, hata kama mnunuzi amesimama pale akilalamika. Na hata kile kizuri kabisa, alinikataza kuchomea. "Hiki unakivuta kwako, kinakata," alisema. "Ukisukuma ncha mahali pagumu, kinakumbuka kulala, na kitalalia vidole vyako."

Basi, turudi Kabambare. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa maneno machache, na mimi maneno machache hunitisha kuliko makelele. Ijumaa moja, watu wametoka kusali, aliwakusanya ndugu zake uani akamwita Amisi. Alisema mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya, vijana wa watu walikuwa wakivunjika miguu njiani, na mwanawe alikuwa akirudi salama kila safari. Akatoa mfukoni zawadi yake, kisu kidogo cha kukunja, cha mtindo mpya, alichokipata dukani. Mpini wa buluu, mwembamba, bapa fupi kama jani la mpilipili, na kitundu cha kutia kidole gumba. Kilipendeza, siwezi kusema uongo. Wazee wakakipokezana, kila mmoja akikifungua na kukifunga na kusema, "Eee, Wazungu hawa!"

Mimi nilikuwa nimeleta maji ya kunywa. Shemeji mmoja akanitania, "Mpeni binti wa mhunzi aseme." Nikakishika. Kikafunguka bila sauti. Nikalisukuma bapa mgongoni kwa kidole kimoja, kidogo tu, likaanguka likajifunga. Moyo ukanipasuka. Resori ilikuwa haina nguvu kabisa!

Baba mkwe akaniuliza, "Iko muzuri, mama?"

Mwanangu, wewe ungesema nini? Kwetu bibi-arusi hata kumtazama mkwe usoni hamtazami, anajibu huku ameangalia chini. Sasa umwambie mbele ya ndugu zake, siku ya zawadi, kwamba zawadi yake ni mbovu? Wangesema nimelelewa na mbuzi. Nikajibu, "Iko muzuri sana, Baba." Nikaenda jikoni.

Nilijiahidi kumwambia Amisi tukiwa wawili. Lakini alikipenda mno kile kisu. Alikata nacho uzi, akamenya nacho muwa, akakipangusa kwa shati lake la arusi! Nilipofungua mdomo, nikaishia kusema, "Ukitumie polepole tu." Akacheka, akaniuliza kama nimeanza kuona wivu kwa kisu. Nami nikacheka naye, mpumbavu mimi.

Kesho yake asubuhi alifunga bidoni, yaani madumu ya mawese, kwenye pikipiki akaelekea Kasongo. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia hiyo hupitia Wamaza, unaijua, tope lake ni jekundu, linanata. Linaingia kati ya gurudumu na bati la juu yake, linajaa, linakauka kidogo kwa joto la mpira, mpaka gurudumu halizunguki tena. Ndiyo maana kila mwendesha pikipiki wa kwetu ana kijiti chake cha mti mgumu, amekifunga kando ya kiti. Anashuka, anachokoa, anasukuma, anachoma lile tope mpaka litoke.

Nilikuwa namenya mihogo. Nikainua macho, nikaona kijiti cha Amisi kimeegemezwa ukutani.

Yooo, mama yangu wee! Alikiacha makusudi. Cha nini tena kijiti, na mfukoni ana kisu kipya? Nikamwona kabisa, ameinama kwenye gurudumu, anasukuma ile ncha kwenye tope gumu kwa nguvu zake zote.

Simu? Rezo, mtandao wa simu, ilikuwa haifiki huko. Nikashika ufagio nikaanza kufagia. Baba mkwe alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Nikamkaribia, nikageuka. Nikamkaribia tena, nikajifanya naokota jani. Jua linapanda, na kila dakika Amisi anazidi kulisogelea tope. Mama mkwe akapaza sauti kutoka mlangoni, "Wee mutoto, mbona unafagia pale pale? Udongo umekukosea nini?"

Hapo nikapiga magoti mbele ya mzee. Nikasema yote bila kupumua: resori, tope, kijiti.

Aliweka jembe chini. "Jana ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na ukasema iko muzuri."

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Alimwita kijana wa jirani mwenye pikipiki, akachukua kile kijiti mwenyewe, akaniambia nipande nyuma yake. Tulikuwa watu watatu juu ya chombo kimoja, na mimi nimeshika koti la mkwe ambaye sikuthubutu kumtazama. Kila tuliyekutana naye njiani tulimwuliza. Mwanamke mmoja wa kutoka shamba akasema amemwona kijana mwenye bidoni, amepita anaimba. Nikashukuru Mungu. Kisha kila kona nikaogopa upya. Pikipiki ikiserereka nasema, ndio, tumechelewa. Ikisimama sawa nasema, labda bado, labda leo tope limekuwa jepesi. Nilikuwa naomba na kubishana na Mungu kwa pamoja.

Tulimkuta kabla ya kufika Wamaza. Pikipiki imelala ubavu. Amisi amekaa juu ya bidoni, shati amelivua akalizungushia mkono wa kulia, na lile shati limelowa damu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Nikaruka chini. Kabla sijamfikia, alimtazama baba yake akasema, "Baba, ni sheni. Huu mnyororo wa pikipiki umenikata."

Kisu kilikuwa pale chini ya gurudumu, kimejifunga, mpini wa buluu umejaa damu na tope. Sote tulikiona. Naye alijua tumekiona, akainamisha kichwa.

Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alisafisha, akashona, akatuambia vidole vitapona, ila cha shahada mshipa wake umekatika na hakitakunjika tena. Mimi nililia kwa sauti, sikuona aibu. Mzee alitoka nje, akakaa kwenye benchi, akaniita. Nilifikiri ananirudisha kwetu. Badala yake akanisogezea nafasi nikae karibu yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ninyi wawili munaniogopa kiasi hiki?" akauliza. "Wewe umenificha jana, yeye ananificha leo na damu inatoka. Mimi ni mutu wa namna gani, mutu wa kuogopwa kuliko kisu?"

Nikakaa karibu yake, macho chini.

"Ungeniambia jana mbele ya ndugu zangu, ningekasirika," akasema. "Ningekasirika kweli. Hasira yangu ingekwisha kabla bugali haijaiva. Na kidole cha mwanangu, je?"

Mwanangu, maneno hayo nimeyabeba miaka yote. Amisi amezeeka nami, na mpaka leo mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Kidole kile kimenyooka tu, kinanielekea nikiwa nafunga, nami kila asubuhi nakiona.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Leo nawe unakwenda kwa wakwe. Waheshimu, piga magoti, jibu kwa sauti ya chini, sikukatazi. Lakini ukijua jambo linaloweza kumuumiza mtu, liseme siku hiyo hiyo, liseme lote, kwa yule yule anayehusika. Sauti ikitetemeka, sema hivyo hivyo inatetemeka. Usiseme "polepole tu" halafu ukacheka. Wakikuita mkosa adabu, vumilia, watakusamehe wakiwa wazima. Na siku utakapokuwa mkwe wewe mwenyewe, waulize watoto wako wanaogopa kukuambia nini, kisha nyamaza uwasikilize.

Nenda salama. Mungu akupe nyumba ambayo mtu anaweza kusema kweli na bado akapewa chakula. Awalinde unaowapenda njiani, na wewe usipate kamwe siku ya kujiambia, nilijua, nikanyamaza. Amina, mwanangu.